Ijumaa kwa Mwalimu

Wivu wangu ulianza na viatu.

Mlango wa Mwalimu ulitazamana na wangu. Katikati ni kanjia ka murramu na mtaro wa maji ya mvua, basi. Kila mchana, nikiwa nimekaa kibarazani na kiondo changu magotini, niliona viatu vikiongezeka pale mlangoni pake: raba za vijana wa boda boda, buti za wale wanaofanya kazi kwenye viwanda vya Mavoko, sendo za akina mama wa sokoni, na siku moja, Mungu ananisikia, viatu vyeusi vya ngozi vya katekista wetu, vimesukumwa kando kabisa ya ukuta kana kwamba vinaona haya. Mlangoni kwangu kulikuwa na patipati zangu peke yake.

Sitazungukazunguka. Nilimwonea mwanamke yule wivu miaka yote tuliyokaa majirani. Ameshahama sasa, na nikiuona mlango ule umefungwa bado natafuta viatu pale chini, na sijui kama ni kumkumbuka ama ni wivu uleule ambao haujapata habari kwamba mwenyewe ameondoka.

Tulimwita Mwalimu tu. Alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, na alipostaafu mtaa mzima tulingoja anunue kuku wa mayai. Hapa Machakos mwalimu akistaafu hununua kuku wa mayai, kuku wanakufa kwa kideri, halafu mwalimu anarudi kanisani kwa nguvu. Yeye hakununua kuku. Siku moja niliona wanaume wawili wakishusha televisheni kubwa kama meza, na sanduku jeusi lenye nyaya, na viti vya plastiki vimebebanishwa. Akatoa sofa zake chumba cha mbele, akasugua sakafu ile nyekundu mpaka ikang'aa, akachukua chaki na kuandika mlangoni kwa mwandiko wa ubaoni: GEMU. VUA VIATU. SALIMIA WATU KWANZA.

Nikasema moyoni, huyu amechanganyikiwa. Mwanamke wa umri wake, mjane kama mimi, na gemu ya mpira! Nikangoja aanguke. Nilingoja sana.

Hiyo salimia watu kwanza haikuwa mapambo. Ukiingia, hata kama wewe ni nani, ulizunguka chumba chote ukimpa kila mtu mkono, na ukisalimiwa "wi museo?" ulijibu vizuri, hukunung'unika. Kijana mmoja mgeni kutoka Syokimau aliingia siku ya kwanza na "niaje" moja ya jumla, akajitupa kitini, akanyoosha mkono apewe padi, ile wanayoshika kwa mikono miwili kuchezea. Mwalimu akamtazama juu ya miwani, ile miwani yake iliyofungwa kwa uzi wa kushonea.

"Umesalimia nani?"

"Si nimesema niaje?"

"Umeambia ukuta. Hawa watu wako na mikono. Toka, uingie tena."

Na kijana akatoka, akavaa viatu, akavivua, akaingia tena. Nilimwona kwa macho yangu kutoka kibarazani. Baadaye ni huyohuyo alikuwa akimletea Mwalimu maji kwa mkokoteni wakati mifereji imekauka, na mimi nikibeba mtungi wangu kwa kichwa nikipita mbele yao. Alinisaidia pia, ndiyo, lakini alimaliza kwanza kwa Mwalimu.

Kulikuwa na sheria nyingine iliyowashangaza wote waliozoea vyumba vya gemu vya huko chini mjini. Kule, anayeshinda anabaki kwenye kiti, anayechapwa anampisha mwingine. Kwa Mwalimu ilikuwa kinyume. Ukishinda, unasimama, na huendi popote. Unakaa nyuma ya yule uliyemchapa, unamwonyesha alipokosea mpaka na yeye ashinde. Vijana walilia mwanzoni. "Mwalimu, hiyo ni sheria gani?" Yeye akiwajibu bila kugeuka, "Wewe umeshinda, sasa unatafuta nini tena hapo mbele?" Kwa hivyo pale ndani ukamwona karani wa ofisi ya kaunti, na tai yake, ameinama juu ya bega la mama anayeuza sukuma wiki akimwambia, "Polepole mama, pasi, pasi, usipige bado." Watu ambao sokoni wangepitana kama hawaonani.

Mimi nilikuwa na kikundi changu cha kusuka viondo. Tulikuwa wengi zamani. Mmoja alirudi Kola kulima, mwingine macho yalimsumbua, mwingine tukakosana kwa maneno ya kipuuzi ambayo kosa lilikuwa lake. Tukabaki wachache tunaokutana siku moja moja. Na kule ng'ambo ya mtaro watu wasiojuana walikuwa wanashikana mikono kila siku. Sasa nisione wivu mimi ni jiwe?

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na mambo yake. Alikataza matusi kabisa, mtu akiteleza ulimi anafagia chumba, lakini yeye mwenyewe aliwatukana wale wachezaji wa kwenye televisheni kwa Kikamba kizito cha Wamunyu, kile ambacho wazee pekee wanakijua chote. Ukimwambia, anasema wale ni picha, hawana mama. Mpira wa kweli hakuujua hata kidogo. Wachezaji aliwapa majina ya wanafunzi wake wa zamani. "Mpe Kioko! Aiya, Kioko, hata darasa la nne ulikuwa hivihivi, kukimbia bila kufikiria!" Na kuna mtu mzima hapa mjini, ana duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hajui kwamba kwa miaka mingi amekuwa beki wa kushoto asiyejua kukaba.

Alihubiri uvumilivu na hakuwa nao. Akichapwa na katekista alikaa siku nzima amenuna, na misa ya Jumapili alipokea amani yake kwa ncha za vidole. Chai alikunywa bila sukari kwa sababu ya daktari, halafu akachovya humo andazi lenye sukari juu. Alikuwa mrefu, na sweta ya kijani iliyokatika kiwiko, na hata angeingia mtu wa heshima namna gani hakuibadilisha.

Na Ijumaa hakuzima mashine. Siku nyingine alizima jioni, lakini Ijumaa iliwaka tangu mchana hata kama chumbani hakuna mtu. Umeme wenyewe unavyouzwa! Nilimuuliza mara moja, akasema, "Ijumaa kuna watu wako njiani. Nitawafungiaje mlango?"

Hapo ndipo penye mwiba wangu. Mmoja wa hao watu wa njiani alikuwa mwanangu.

Mutinda ni mtoto wangu wa pekee. Alifundishwa na Mwalimu darasa la sita, akakulia pale ng'ambo ya mtaro akicheza gemu, halafu akapata kazi ya ulinzi Doha, akaenda. Huko Arabuni siku yao ya kupumzika ni Ijumaa. Yeye na wenzake wanaolala chumba kimoja walichanga wakanunua mashine kama ile ya Mwalimu, na kumbe hizo mashine zinaweza kushikana kupitia mtandao, huyu akiwa Doha na yule Machakos, wanacheza mpira mmoja na wanaongea kama wako kwenye benchi moja. Mimi sikujua. Nilijua siku niliposikia kicheko cha mwanangu kikivuka njia.

Niliacha kiondo kikaanguka. Kicheko cha Mutinda nakijua. Kinaanza puani halafu kinafunguka kama mtu anayepiga chafya. Nilifikiri amerudi, amenifanyia mzaha, amepitia kwa jirani kwanza. Nilivuka mtaro mbio na patipati moja. Ndani nikakuta Mwalimu na watu wake wamekodolea televisheni macho, na sauti ya mwanangu inatoka humo: "Mwalimu, huyo Kioko wako nimemwacha akiokota ndizi!" Chumba kikaangua kicheko. Mimi nikageukia hapohapo mlangoni, nikarudi kuokota kiondo changu.

Kwangu alipiga simu. Sisemi hakupiga. Lakini ilikuwa, "Mwaitu, uko sawa?" maana sisi Wakamba mama tunamwita Mwaitu. "Niko sawa. Umekula?" "Nimekula." "Unaenda misa?" "Naenda." "Utarudi lini?" Halafu "Mwaitu, mtandao umeanza kukatika." Mtandao huohuo uliokuwa hausumbui kwa Mwalimu jioni nzima.

Na habari zake nikaanza kuzipata kwa jirani. Nikikutana na Mwalimu kwenye mfereji: "Mutinda amehamishwa chumba, sasa kitanda chake kiko karibu na dirisha." Nikimkuta sokoni: "Alikuwa na jino linamsumbua, lakini lilitolewa, amepoa." Jino! Jino la mtoto niliyemnyonyesha mimi, likaoza, likang'olewa, na ninaambiwa na mtu wa hesabu mbele ya rundo la kabichi. Niliitikia, "Eeh, aliniambia." Uongo mtupu. Na yeye alijua ni uongo, akanunua kabichi yake akaenda.

Basi nikatafuta njia. Tuna jumuiya yetu ndogo, sisi majirani Wakatoliki, tunasali rozari kila wiki nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Siku yetu ilikuwa Jumamosi. Nikasimama mkutanoni nikasema wengine Jumamosi tuna shamba, tuhamishe iwe Ijumaa saa kumi. Wakakubali. Nikangoja kidogo, nikasema, na mbona hatujasali kwa Mwalimu siku nyingi? Tuanze kwake, tukae kwake wiki hata mbili tatu, nyumba ile inahitaji maombi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: Ijumaa saa kumi chumba kikiwa na rozari, hakuna gemu. Pakikosa gemu, mwanangu atakuwa na saa yake na hana pa kuipeleka. Atanipigia mimi. Nilibeba hata simu, imejaa chaji kabisa, nikaiweka mapajani.

Mwalimu alitupokea vizuri. Chai ilikuwa tayari. Ile televisheni alikuwa ameifunika na kitambaa kikubwa cha kufuma, cheupe, na mbele yake akaweka sanamu ya Bikira Maria na mshumaa. Nikasema moyoni, leo umepatikana.

Alikuwa ameifunika tu. Hakuwa ameizima. Ijumaa, nimeshawaambia.

Tulikuwa fumbo la tatu. Katekista anaongoza, sisi tunaitikia, na mimi naitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Ghafla, nyuma ya Bikira Maria, sauti ya mwanaume ikasema, "Mwalimu, uko? Leo mko kimya, kwani mmefiwa?"

Mama mmoja alipiga yowe. Katekista alikatika katikati ya Salamu Maria. Halafu mzee mmoja, mwenyekiti wetu wa jumuiya, akainua kichwa, akasema, "Si huyo ni Mutinda?" Na rozari ikafa hapohapo. Wakaondoa kitambaa. Wakasogeza mshumaa. "Mutinda, wi museo!" "Mutinda, huko kuna jua?" "Mutinda, unanikumbuka? Mimi ndiye nilikuwa nakutuma sigara!" Naye akawajibu mmoja mmoja, anacheka, anawataja majina, anauliza kuhusu mguu wa huyu na ng'ombe wa yule. Jumuiya nzima ilisalimiana na mwanangu kabla yangu. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango, rozari mkononi na simu mapajani, na ile simu haikulia.

Kisha mtu akasema, "Na mama yake yuko hapa!" Wakanisukuma mbele.

"Mwaitu?" Sauti yake ikabadilika. Kila mtu aliisikia ikibadilika. "Uko hapo? Uko sawa?"

"Niko sawa. Umekula?"

"Nimekula."

Na mimi, mbele ya watu wote wale, mbele ya Mama wa Mungu mwenyewe, ningepaswa kunyamaza hapo. Sikunyamaza. Wivu ulikuwa umenifika machoni. Nikasema, "Unacheka na majirani. Unajua habari za ng'ombe wa watu. Mimi niambie kitu kimoja tu. Utarudi lini?"

Kwenye televisheni wachezaji wadogo walikuwa wamesimama, mikono kiunoni. Halafu maandishi yakatokea kwamba mchezaji ameondoka.

Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Tulimaliza mafumbo yaliyobaki harakaharaka, tukanywa chai, tukatawanyika. Na Ijumaa iliyofuata Mutinda hakuingia kwenye gemu. Wala iliyofuata. Simu nayo ilikuwa ujumbe mfupi tu, "Niko sawa Mwaitu, kazi ni mingi." Mwezi ukapita hivyo. Sasa nilikuwa nimepata nilichotaka: Mwalimu naye hakuwa naye. Tulikuwa sawa, kila mtu mikono mitupu upande wake wa mtaro, na sikulala vizuri hata siku moja.

Ni yeye aliyevuka. Alikuja mchana mmoja akijikokota, maana nyonga ilikuwa imeanza kumsumbua, akakaa karibu yangu kibarazani bila kukaribishwa. Nikamwandalia ulimi wangu wote. Yeye akasema tu, "Nifundishe kusuka."

"Kusuka nini?"

"Kiondo. Nimezaliwa Ukambani mpaka nimezeeka, na sijui. Mama yangu alisema mimi ni wa vitabu."

Nikampa mkonge. Nitasema kweli, nilifurahi kuona kuna kitu hajui. Uzi wa kiondo unasokotwa juu ya paja tupu, kwa kiganja, na Mwalimu akapandisha ile sketi yake ya heshima mpaka juu ya goti na kuanza kujikwaruza, paja likawa jekundu, uzi ukatoka mnene hapa na mwembamba pale. Nilimcheka. Nikamshika mkono nikamwonyesha. Tukaendelea. Jua likazunguka, tukasogeza vigoda kufuata kivuli.

Sijui yalianzia wapi. Nilijikuta nasema kwamba kila Ijumaa napika muthokoi wa watu wawili, nakula nusu na nusu namwaga, na siwezi kupika kidogo kwa sababu mkono haujui. Nikamwambia ninaogopa kufa kabla Mutinda hajarudi, nizikwe na majirani na yeye aone kwenye simu. Nikamwambia kicheko chake sijakisikia kikielekezwa kwangu tangu aende. Mambo ambayo padri hajawahi kuyasikia. Mwalimu alikuwa anapambana na uzi wake, anasema "mm" na "hapa napitisha wapi?"

Nilipomaliza akasema, "Umeniambia hayo yote na hujaniangalia hata mara moja."

Nikainua macho.

"Na mimi sikukuuliza hata moja," akasema. "Mikono yako ilikuwa na kazi, kwa hivyo mdomo ukapata nafasi. Kule kwangu ni hivyohivyo. Unafikiri hao watu wanapenda mpira? Hata mimi siujui huo mpira. Mtoto anakimbiza Kioko, huku anasema bosi wake amemtukana. Hakuna mtu anamwangalia usoni, hakuna mtu anangoja jibu. Wewe kwa simu unamsimamisha kama askari wa barabarani. Umekula, umesali, utarudi lini. Atasema nini?"

"Mimi ni mama yake!" nikafoka. "Sasa nimuulize nini, bei ya nyanya?"

"Ndiyo," akasema. "Mwambie bei ya nyanya."

Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba anajua kwa nini Mutinda hawezi kusema atarudi lini, lakini hilo si lake yeye kuniambia. Nilitaka kumpokonya ule uzi nimnyonge nao. Anajua! Amekaa na siri ya mwanangu kama mtu anayekalia kigoda changu! Nilimwambia aende kwake, nguo zake zimejaa mkonge. Akaenda. Kesho yake akarudi na uzi wake ule mbaya, tukasuka tena.

Nilichukua muda kukubali. Kwanza nilikataa, halafu nikavuka mtaro asubuhi, wakati hakuna watu, akanifundisha ile padi. Kitufe hiki pasi, hiki kupiga, hiki kukimbia. Alinichapa vibaya, na kwa sheria yake mwenyewe akalazimika kukaa nyuma yangu. Pumzi yake ilinukia andazi. Alikuwa mwalimu mzuri, nitampa hiyo, na inaniuma kumpa.

Mwisho wake hapa mtaani ulikuja haraka. Nyonga ilikataa, binti yake akasema atamchukua akae naye Syokimau, karibu na hospitali. Watu walikuja kuaga wiki nzima, viatu vilifika mpaka kwenye mtaro. Ijumaa yake ya mwisho mchana, aliniita. Nilipofika nikaona mlangoni hakuna kiatu hata kimoja. Alikuwa amewaambia wote waje jioni. Nikavua patipati zangu, zikabaki pale peke yake, mlangoni kwake.

Viti vilikuwa vimeshabebanishwa kwa safari, vimebaki viwili. Alinivalisha zile za masikioni, zenye kijiti cha kusemea mdomoni, akanipa padi. "Nimemwomba aingie leo. Amesema ataingia kwa ajili yangu." Kwa ajili yake! "Wewe cheza tu. Usiulize." Akakaa kiti cha pili, akachukua uteo wake wa ndengu, akaanza kuchambua mawe.

Akaingia. "Mwalimu? Sasa?" Nikabonyeza kitufe, mpira ukaanza. Nilikuwa nimeshika padi kama usukani wa lori, jasho linanitoka. Akanifunga goli. Akanifunga lingine. Hakushangilia. Kulikuwa na mlio wa washabiki wa bandia, halafu sauti yake ikanijia masikioni, karibu kabisa, kama alivyokuwa akininong'oneza kanisani akiwa mdogo.

"Mwaitu, hicho ni cha kukimbia. Kiachilie kidogo."

Macho yakanijaa maji. "Umejuaje ni mimi?"

"Mwalimu hafungwi hivi. Na unapumua kama unapanda vilima vya Iveti."

Swali likapanda. Nilihisi likipanda kutoka tumboni, lile moja, lote zima, utarudi lini. Lilifika menoni. Nililiuma. Nikasema, "Nyanya zimepanda bei."

Akacheka. Kikaanza puani, kikafunguka. Changu mimi. Hakuna mtu mwingine aliyekisikia, kilikuwa ndani ya masikio yangu mawili.

"Zimepanda aje?"

"Zimepanda vibaya. Na hizo chache ni za maji."

"Hapa ni za kutoka nchi za watu, hazina hata harufu," akasema. Akapiga pasi. Nikamkimbiza. Akasema, "Mwaitu, ile kazi ya kwanza iliisha. Zamani. Nilikaa bila kazi, karatasi za kukaa huku zikaharibika. Sasa nimepata nyingine lakini karatasi bado. Siwezi kutoka mpaka zitengenezwe. Ndiyo maana nilikuwa sina la kukwambia." Alisema haya huku mchezaji wake akikimbia upande wa kulia. Nilimkaba tu mpaka kwenye kona. "Eh, umejifunza," akasema.

Tuliongea mpaka kivuli cha dirisha kikahama. Kuhusu dirisha la kitanda chake. Kuhusu jino, akanieleza lote upya, na nililisikiliza kama habari mpya. Mwalimu alikuwa kando yangu, namsikia akidondosha vijiwe sakafuni kimoja kimoja.

Kisha Mutinda akasema, "Mwaitu, Mwalimu yuko hapo? Si anahama? Nipatie niagane naye kidogo."

Mikono yangu ikakaza ile padi. Goti la Mwalimu lilikuwa karibu na langu, nusu shubiri. Nilimtazama. Na yeye akanitazama, kwa hiyo miwani ya uzi.

"Ametoka," nikasema.

Mwalimu akaweka uteo chini taratibu, ndengu zisilie. Akajishika ukuta, akainuka na nyonga yake mbovu, akaenda hatua kwa hatua mpaka mlangoni, akavaa viatu vyake vilivyokuwa ndani, nyuma ya mlango, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake. Kwa hivyo mwanangu sikumdanganya.